Namba ya siri haisemwi kwa sauti

Maneno kwa vijana wa harakati, juu ya simu, mashini ya kura na wenyeji wa Masisi na Walikale

 

Nianze na kisa kimoja. Mwaka 2023, kiisha watu kukimbia Kitchanga na vijiji vingi vya Masisi, nilikuwa natembelea kambi moja ya wakimbizi wa ndani karibu na Goma. Kulikuwa mama mmoja, mkulima, mwenye kasimu kadogo ka tochi. Kifuniko cha nyuma kilishavunjika, akakifunga na mpira. Msaada wa chakula ulikuwa unapitia kwa simu: dola zinaingia kwenye laini, kiisha mtu anaenda kuzitoa ku kabine.

Mama akaenda ku kabine. Kijana wa pale akamuuliza: "Namba yako ya siri ni ngapi, mama?" Mama akaitaja. Aliitaja kwa sauti, mu mustari, watu kumi wakiwa nyuma yake. Kijana akabonyeza, akaangalia, akamrudishia simu: "Bado haijaingia, mama. Rudia kesho." Akarudia kesho. Akarudia kesho kutwa. Siku ya tatu akaniletea ile simu: "Mwanangu, uniangalilie."

Nikafungua mesaji. Zilipita thelathini, nyingi matangazo: bonasi ya inite, mchezo wa bahati, wimbo wa kununua. Katikati yake ilikuwepo mesaji moja ya siku ile ya kwanza, yenye saa na dakika, kwa Kifaransa: pesa imetolewa, salio sifuri. Mama alitembea na ushahidi mukononi siku tatu nzima. Alifikiri ni tangazo kama mengine. Tulipofika pale, kabine ilikuwa imehama. Ile pesa ilikuwa chakula cha watoto wanne, na haikurudi.

Nani alimwibia? Kijana wa kabine, na ningemwona ningemfikisha mbele ya sheria. Lakini kuna mlango alioupitia, na huo mlango haukujengwa na yeye. Ulijengwa mu ofisi, na watu ambao hawakumfikiria mama wa Masisi hata siku moja. Leo nataka tuzungumze juu ya huo mlango.

Kila mashini iko na tumbo na iko na sura. Tumbo ni nyaya na hesabu za ndani, sisi wengi hatuzioni. Sura ni ile sehemu ambayo mtu anaiona na kuigusa: vitufe, maneno, picha, hatua ya kwanza, hatua ya pili, na jibu ambalo mashini inakupa kiisha kubonyeza. Watu wakiiacha teknolojia, tunasema haraka: "Watu wa ndani bado wako nyuma, hawapendi mambo ya kisasa." Nimesikia hayo Goma, nimesikia Kinshasa, na nimeyasikia hata mumu ndani ya harakati. Mimi nasema si kweli. Mara nyingi tumbo la mashini ni zuri, ila sura yake inamfukuza mtu. Na kuna jambo baya zaidi: sura inamkubalia aingie, ila kwa sharti aingie ameshikwa mukono na mtu mwingine.

Tuangalie sura tatu ambazo watu wa Masisi na Walikale wanazijua vizuri.

Ya kwanza ni kale kapicha ka maikrofoni ku WhatsApp. Ujumbe wa sauti uliingia ku WhatsApp mwaka 2013. Unashikilia kitufe, unasema, unaachilia, imeenda. Hakuna aliyefanya semina Walikale kufundisha watu kutuma vokali. Hakuna aliyepita na megafoni. Lakini leo mzee ambaye hajawahi kuandika barua anamtumia mutoto wake vokali ya dakika tano, anasalimia ukoo muzima, anakohoa, anamaliza na baraka. Juu ya nini? Juu kile kitufe hakimuulizi kama alisoma, wala hakimuulizi anasema luga gani. Sema Kinyanga, sema Kihunde, sema Kitembo, sema Kinyarwanda, sema Kikumu, yote inaenda sawa. Na akikosea anarudilia. Basi wale tunaowaita "nyuma" walikuwa mbele siku ile ile walipopewa kitu kinachowaheshimu.

Ya pili ni pesa ya simu. Hapa Kongo M-Pesa ilianza mwaka 2012, na kampuni zingine ziko na za kwao. Ile menyu tunaijua wote: unapiga nyota, namba, alama ya mwisho, orodha inatokea, unajibu 1, unajibu 2. Ni teknolojia ya zamani. Ukurasa mmoja wake haupiti herufi 182. Hauna picha wala rangi. Ukichelewa kujibu unafungwa, unaanza upya.

Sura yake ni mbaya, lakini watu waliikubali. Kwa nini? Kwa sababu ya barieri. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu vizuizi vya barabarani 798 ndani ya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Ukitoka Walikale na pesa ya wiki mfukoni, kila kamba iliyovutwa barabarani iko na mukono ulionyooshwa. Pesa ikiwa ndani ya laini, yule wa barieri anakuta mfuko mtupu. Mchimbaji wa Bisie au wa Rubaya anaweza kumtumia bibi yake pesa ya masomo bila kuikabizi kwa dereva. Faida ni kubwa kiasi kwamba mtu anavumilia sura mbaya.

Lakini kuvumilia si kuwa huru. Angalia vile ile menyu inamfanyia mtu. Hapa kwetu laini moja iko na mifuko miwili, wa dola na wa franga. Swali la kwanza la menyu ni kuchagua mfuko. Mtu ambaye hasomi Kifaransa anajifunza kwa kuhesabu vidole: "Mutoto aliniambia nibonyeze mbili, kiisha nne, kiisha moja." Siku orodha inapobadilishwa, ile ya nne inakuwa ya tano, na yeye anapotea. Au anafungua mfuko wa franga wakati pesa yake iko ku mfuko wa dola, anaona sifuri, roho inaruka, anafikiri ameibiwa. Au reso inakatika katikati, na kule Walikale reso inakatika sana. Je, pesa imeenda au haijaenda? Skrini imezimika, haisemi kitu. Anatuma tena. Sasa ametuma mara mbili.

Kwa hiyo anafanya nini? Anamwita mtu. Anamwita mutoto wa jirani, anamwita kijana wa kabine, na kila mara anasema ile namba ya siri kwa sauti. Ile namba iliwekwa imlinde, na sasa kazi yake imegeuka. Mjenzi alisema ofisini: "Tumeweka usalama." Mu mustari wa kambi, ule usalama ulidumu sekunde tatu.

Mtu anaweza kuniambia: "Si kuna mahali pa kubadilisha luga?" Pengine papo. Ku simu ya yule mama, pale pa kubadilisha luga palikuwa pameandikwa Kifaransa.

Jirani zetu wa Kenya wana somo hapa. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walianza jaribio ili watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wajenzi walikaa karibu na watumiaji, wakaona kitu ambacho hawakukipanga: watu walikuwa wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Basi wakapunguza mambo mengi, na Machi 2007 M-Pesa ikatoka na neno moja kubwa la kueleweka: tuma pesa nyumbani. Menyu ilikaa ndani ya kadi ya simu, mtu anachagua Kiswahili au Kiingereza, na kiisha kutuma, mesaji inamfikia anayetuma na anayepokea. Bibi wa kijijini hakuhitaji kuelewa benki. Alihitaji kuelewa maneno machache, na kupata jibu. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wale waliinama, wakaangalia mikono ya watu.

Sasa sura ya tatu, ile inayotugusa sisi kama raia: mashini ya kura.

Mwaka 2018 CENI ilileta mashini zaidi ya 100,000 kutoka kampuni ya Korea ya Kusini inayoitwa Miru Systems. Tuseme ukweli, hata kama wengi wetu tulizipinga: ukiiweka pembeni ya menyu ya pesa, sura ya ile mashini ilikuwa nzuri. Skrini kubwa ya kugusa. Picha za wagombea, na namba zao. Unachagua kwa kidole, mashini inachapisha chaguo lako ku karatasi, unaiona kwa macho, unaikunja, unaitia mu sanduku. Na shida iliyotaka kutatuliwa ilikuwa ya kweli. Wagombea uraisi walikuwa 21, na wagombea ubunge wa taifa walipita 15,000 nchi nzima. Mwaka 2011, mahali pengine pa Kinshasa, karatasi ya kura ilikuwa kama kijitabu.

Na bado watu waliiita mashini ya wizi. Kwa nini sura nzuri ilikataliwa, na menyu mbaya ya pesa ikakubaliwa?

Kwanza, pesa ya simu unaijaribu kidogo kidogo. Unatuma franga 500 kwa dada yako, unampigia: "Imefika?" Imefika. Kesho unatuma 5,000. Kuamini kunakua sawa mahindi. Mashini ya kura unakutana nayo siku moja tu kwa miaka mitano, mara nyingi bila kuiona mbele, na siku hiyo unaweka hatari nchi yako yote. Mtu ambaye hajawahi kugusa skrini ya kugusa anaambiwa aiguse mara ya kwanza ndani ya chumba cha kura, foleni ikipiga kelele nyuma.

Pili, pesa ya simu inakupa jibu hadi mwisho. Mashini ya kura inakuonyesha karatasi yako, na hilo ni jambo jema. Kura zilipaswa kuhesabiwa kwa mukono, na hilo pia ni jema. Lakini kiisha pale, kati ya sanduku la kijiji na matokeo yanayotangazwa Kinshasa, raia haoni tena kitu. Sura inaisha pale ambapo wasiwasi wake unaanza. Na mazingira hayakusaidia: tarehe 13 Desemba 2018 moto uliunguza mashini karibu 8,000 mu gala la CENI pale Kinshasa, uchaguzi ukasukumwa kutoka 23 hadi 30 Desemba. Nani angeamini?

Tatu, ni jambo lile lile la mama wa kabine. Mzee asiyezoea skrini anahitaji mtu wa kumsaidia. Sheria inampa haki ya kumchagua yeye mwenyewe. Sawa. Lakini Katiba yetu, kifungu cha 5, inasema kura ni ya wote, ni sawa na ni ya siri. Kama wazee wa kijiji wanaingia chumbani mmoja mmoja na msaidizi yule yule, na msaidizi yuko na mgombea wake moyoni, siri iko wapi? Ile kura nayo imesemwa kwa sauti, sawa tu na namba ya siri ku kabine.

Sisemi kwamba sura nzuri inaponya kila kitu. Desemba 2023 mashini zilirudi. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta wagombea 82, na kati ya mambo waliyoshitakiwa ni kushika mashini za kura bila ruhusa. Hapo hakuna kitufe kingesaidia. Na Masisi, vijana wenzangu, tunakumbuka: uchaguzi wa 2023 haukufanyika kabisa, wala Rutshuru, juu ya vita. Mtu wa Masisi hakupewa hata nafasi ya kukosea ku skrini. Kwa hiyo wakati tunadai sura nzuri, tusisahau kudai mambo mawili yanayokuja mbele yake: usalama, na mikono safi.

Lakini mambo hayo mawili yasitufanye tuseme kwamba vitufe ni mambo madogo. Aliyechagua neno la kwanza ku skrini amechagua nani ataingia peke yake na nani ataingia ameshikwa mukono. Hilo ni jambo la raia. Ni siasa.

Basi tunadai nini?

Moja. Luga. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha kwanza, inataja luga za taifa kuwa ni nne: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Inaiambia Serikali izikuze bila ubaguzi. Tunataka laini ikifunguliwa Masisi au Walikale, muuzaji aulize luga palepale, na menyu ianze na luga hiyo. Na Kiswahili chenyewe kiwe kile watu wanasema: "tuma pesa", "toa pesa", "pesa yangu iko ngapi". Maneno ya kamusi ambayo mwalimu tu ndiye anayafahamu hayatusaidii.

Mbili. Sauti. Asiyesoma kwa luga yoyote apate namba ya bure ya kupiga, imsomee salio na mambo matatu ya mwisho yaliyofanyika ku laini yake. Kama mama yule angesikia sauti inasema "leo saa nne pesa yako imetolewa", angefahamu mwizi akiwa bado amekaa pale.

Tatu. Jibu la pesa lisichanganywe na matangazo. Litoke ku namba yake peke yake, na reso ikikatika, mesaji iseme wazi: imeenda, au haijaenda.

Ine. Mashirika yanayogawa msaada kwa simu yakae kwanza na watu kumi wa kambi, wazee ndani yake, wajaribu hatua zote mbele ya siku ya kugawa. Anayeshindwa asilazimishwe kutoa namba ya siri. Atafutiwe njia ingine.

Tano. CENI ikirudi na mashini, mashini zifike ku soko, ku kanisa, ku muskiti, ku shule miezi mbele, watu wapige kura ya mchezo: wachague kati ya ndizi, foufou na sombe, waone karatasi inatoka, wahesabu wenyewe. Na matokeo ya kila kituo yabandikwe mlangoni na yatolewe kituo kwa kituo, ili jibu lisiishie mu sanduku.

Hayo ni kwa wakubwa. Sasa kwenu, vijana wa mji, juu wengi wenu munajenga. Wengine hapa wanaandika programu, wengine wanafanya picha za matangazo, wengine wanakaa ku kabine kutafuta maisha. Nawaomba mambo mawili tu.

Wewe unayejenga: mbele ya kusema kazi imeisha, kamata simu, umpe mama mmoja aliyetoka Masisi. Mwambie kazi ya kufanya. Kiisha funga mdomo. Usimwonyeshe, usimsukume kidole. Pale anaposimama na kukuangalia usoni, pale ndipo ulipokosea wewe. Andika, rudi nyumbani, tengeneza.

Wewe unayekaa ku kabine: usiulize namba ya siri. Geuza simu, umrudishie mteja, angalia pembeni wakati anabonyeza. Na kama hajui kubonyeza, mufundishe ile tarakimu moja moja, hata kama mustari unakasirika. Itakuchukua dakika tatu. Kesho yake atabonyeza mwenyewe.

Yule mama nilimfundisha kusoma maneno mawili ya Kifaransa tu, la kuingia kwa pesa na la kutoka, juu ndiyo yaliyokuwa ndani ya simu yake. Aliyakariri kwa sura, sawa vile mtu anakariri chapa ya ng'ombe wake. Mwezi uliofuata pesa ilipoingia, aliniita kwa mbali, simu juu, mpira wake bado umeifunga: "Hii ni ile ya kuingia, si njo?" Ilikuwa yenyewe. Akaenda ku kabine ingine, akaomba simu yake irudi mukononi, akawageuzia watu mgongo, akabonyeza namba zake ine bila kufungua mdomo.

Ilimchukua muda murefu. Mustari ulinung'unika. Nilifurahi kuusikia ukinung'unika.